Gego la Serikali

Nchi ninayoisimulia haimo kwenye ramani. Nimeitafuta kwenye ile kubwa iliyotundikwa darasani kwetu, na mahali inapopaswa kuwepo pamegongwa muhuri wa maktaba. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitambua, na akiitambua asiseme ni mimi niliyemwonyesha.

Ni nchi yenye bahati. Matibabu ya meno huko ni bure kwa kila raia, kuanzia jino la kwanza la utotoni hadi la mwisho la uzeeni, na jambo hili limeandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa kila hospitali: TABASAMU NI HAKI YA RAIA. Rangi hupakwa upya kila mwaka. Ipo Wizara ya Meno yenye jengo la ghorofa tisa, Waziri mmoja na Manaibu Waziri wawili, wa Meno ya Juu na wa Meno ya Chini. Madaktari wa meno wapo wanne. Serikali imeeleza mara nyingi kwamba wanne wanatosha, kwa sababu mwaka jana waliwatibu wagonjwa wote waliofanikiwa kuwafikia, na wote kumi na mmoja walipona.

Jambo jingine la kujivunia ni kwamba kila kitu cha serikali huko kina namba. Wenzetu wa nchi nyingine hupoteza mali ya umma kwa kukosa rangi nyeupe na brashi ndogo. Katika shule yetu ya bweni ya wasichana kila dawati lilikuwa na namba, kila kitanda, kengele, hata jiwe la kuzuilia mlango wa maabara, ambalo jina lake kamili lilikuwa SHL/MAAB/JIWE/01. Siku moja kunguru alikufa katikati ya uwanja wa paredi, na mwalimu wa stoo akakuta ubavuni mwake pameandikwa SHL/UWJ/KUNGURU/01. Basi hakuweza kuzikwa mpaka kibali kitoke. Alilala pale muhula mzima, tukiimba wimbo wa taifa kwa kubana pua. Nani alimwandikia namba ile, ni suala ambalo lilichunguzwa na kukamilika, na sitaki kulirudia hapa.

* * *

Shule ilikuwa na wanafunzi mia nne na mpishi mkuu mmoja, Mzee Simbeye, mtu mrefu mwenye mabega kama kabati. Kila msichana alimpa jina lake. Mimi aliniita Mwanasheria, kwa kuwa niliwahi kumthibitishia kwa hoja saba kwamba ukoko wa wali ni haki ya mtu anayefika mwisho kwenye foleni. Alizisikiliza hoja zote, akanipa ukoko, halafu akanipa na sufuria niisugue.

Katika nchi ile kuna Sheria ya Chakula cha Umma. Ilitungwa baada ya Waziri fulani kuuma kokoto kwenye maharage ya wafungwa aliokwenda kuwafariji. Sheria inasema hakuna chakula cha umma kitakachopakuliwa kabla mpishi mkuu hajakionja na kukitafuna mara kumi na mbili mbele ya shahidi. Shuleni kwetu shahidi alikuwa mwalimu wa zamu, naye alihesabu kwa sauti.

Jumatatu moja, siku ya makande, mwalimu wa zamu alifika nne, akangoja tano, na tano haikuja. Mzee Simbeye aliweka kijiko chini taratibu, akageukia ukuta, akabaki ameuegemea kwa paji la uso. Ilikuwa gego la chini, upande wa kushoto.

Makande yakamwagwa. Jioni ukaletwa uji, ambao kisheria hunywewa na kwa hiyo hauhitaji kutafunwa. Kesho yake ukaletwa uji asubuhi, mchana na jioni. Keshokutwa pia. Sitaki huruma ya msomaji, nataja tu kama kumbukumbu kwamba tulikunywa uji siku thelathini na nane.

Lakini sisi tulikuwa na njaa tu. Mzee Simbeye shavu lilimvimba hadi jicho la kushoto likabaki mstari. Mdomo ulikuwa haufunguki zaidi ya upana wa kidole, akawa anakunywa maji kwa mrija. Nesi wa shule alimpa dawa ileile ya maumivu aliyokuwa akimpa mwenye malaria, aliyevunjika mguu na aliyekumbuka nyumbani. Siku moja nilikuwa nimejipumzisha chini ya dirisha la zahanati, kama ilivyokuwa desturi yangu kila nesi alipoongea na Mwalimu Mkuu, nikamsikia akisema kwamba usaha ule ukishuka shingoni utaziba koo, na hapo atakayehitajika si daktari wa meno tena.

Mwalimu Mkuu wetu, Bi. Hortensia, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na waraka mezani unaosema kwamba mpishi asiyeweza kutafuna kwa siku sitini astaafishwe kwa manufaa ya umma, aondoke na kwenye nyumba ya shule. Aliuweka chini ya karatasi nyingine, akawa kila asubuhi anaangalia kama bado upo. Kisha akaniita. Uchunguzi wa kunguru ulikuwa umekamilika siku hiyohiyo.

Alisema kwa kuwa mdomo wangu haujui kupumzika, nitamwazima Mzee Simbeye. Nitaandamana naye kila ofisi na kumsemea mpaka jino litoke. Kazi hiyo aliiita adhabu. Mimi niliona ni kupandishwa cheo.

* * *

Hospitali ya serikali tulifika kwa lori la kuni. Chumba cha meno kilikuwa kizuri kuliko vyote, kwa sababu hakijatumika. Kiti cha mgonjwa kilikuwa bado kwenye nailoni yake, na kwenye kiti cha daktari lilitundikwa koti jeupe, ili wananchi wajue kwamba yupo. Daktari mwenyewe, Daktari Mlaponi, alikuwa semina, huo ukiwa mwezi wake wa tatu, kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mada ya semina ilikuwa Namna ya Kumfikia Mgonjwa.

Nafasi yake alikaimu Afisa Ugavi, Bwana Kihoza, kwa kuwa ofisi yake ndiyo iliyokuwa jirani. Huyu alikuwa mtu mwaminifu sana. Alituambia mapema kwamba kutibu jino hajui, lakini kufungua jalada anajua, na hakuna tiba isiyoanza na jalada. Akalifungua. Kisha kwa ajili ya kujaza sehemu ya maelezo, akamwomba Mzee Simbeye apanue mdomo kadiri anavyoweza, akamulika kwa tochi.

Alitazama muda mrefu. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena. Halafu akaniita nami nione. Ubavuni mwa gego, kwa rangi nyeupe iliyofifia kidogo tu, palikuwa pameandikwa WM/GEGO/0417.

Mzee Simbeye alieleza kwa vidole na kwa kukoroma, nami nikatafsiri. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, akiwa kijana kwenye kambi ya kujenga barabara, ilipita kampeni ya Wizara ya kuziba meno ya wananchi. Walimziba bure kabisa. Walipomaliza, binti mmoja mwenye brashi ndogo alimpaka kitu kwenye jino. Yeye alidhani ni dawa.

Bwana Kihoza alikwenda masijala na kurudi na rejista kubwa kama mlango. Gego lilikuwemo, kati ya ngazi ya mbao na gari la wagonjwa lisilo na injini. Chochote kinachokarabatiwa kwa fedha za umma, alitueleza, huingia kwenye orodha ya mali za umma. Hali ya mali: Nzuri. Na kila mwezi wa sita, kwa miaka thelathini na mmoja, mtu fulani alikuwa ametia alama ya vema kuthibitisha kwamba amelikagua gego na kulikuta mahali pake.

"Mzee wangu, pole sana," alisema Bwana Kihoza, na alimaanisha. "Lakini kuling'oa bila kibali ni kuhujumu mali ya umma. Na hata kutembea nalo hivi mitaani, sijui ulisaini wapi."

Nikauliza kibali kinatolewa na nani. Akasema na Kamati ya Kuondosha Mali Chakavu, ambayo hukaa mara moja kwa mwaka. Nikamwomba aangalie lile shavu. Aliliangalia, akaandika kwenye jalada kwamba uvimbe si wa serikali, ni wa mhusika mwenyewe.

* * *

Kwa jitihada zake Kamati ilikaa baada ya siku kumi na moja, jambo ambalo halijapata kutokea. Utaratibu unataka mali ikaguliwe mahali ilipo, kwa hiyo Mzee Simbeye aliketishwa juu ya meza ya mkutano, miguu ikining'inia, kati ya jagi la maji na sahani ya korosho ambazo hakuweza kuzitafuna. Wajumbe walikuwa watatu: mhandisi, mhasibu, na Mwenyekiti aliyestaafu Idara ya Madaraja. Walipokezana tochi.

Mwenyekiti alisimama kuzungumza, ingawa alikuwa na kiti.

"Ndugu wajumbe," alisema, "gego hili limelitumikia taifa kwa miaka thelathini na mmoja bila likizo na bila kudai cheo. Tusiliondoshe kwa pupa kama vile tunatupa ndoo."

Mjadala ukawa mzito. Mhasibu alitaka kujua, jino linapodaiwa kuwa limeoza nusu, ile nusu nyingine imekwenda wapi na kwa idhini ya nani. Mhandisi alishauri lihamishiwe kwenye mdomo mwingine wenye upungufu, akataja Wizara ya Kilimo. Ikajadiliwa kama limechakaa kwa matumizi ya kawaida au kwa uzembe, na Mzee Simbeye akaulizwa kama amewahi kulitumia kwa shughuli binafsi. Nikasema kwamba alilitumia kula. Wakatazamana.

Niliomba Kamati iling'oe kwanza halafu ijadili, kwa kuwa mjadala unaweza kusubiri na koo haliwezi. Mwenyekiti akauliza huyu mtoto ni nani. Nikajibu kwamba mimi ndiye mdomo wa mhusika. Kwenye muhtasari wa kikao imeandikwa: Mdomo wa mhusika uliomba uharaka, ukaelekezwa kufuata utaratibu.

Saa tisa alasiri gego lilitangazwa kuwa chakavu. Lakini mali ya umma haitupwi ovyo, ni lazima wananchi wote wapewe nafasi sawa ya kuinunua. Litauzwa kwenye mnada wa hadhara pamoja na vitu vingine, kama lilivyo na mahali lilipo. Litakuwa loti namba saba. Wajumbe wakapiga picha na gego, wakala korosho, wakaondoka.

Njiani kurudi Mzee Simbeye alijibana shavu kwa kitambaa chenye maji. Aliniinulia vidole kuuliza siku ngapi bado. Nikamwambia tisa. Alifumba lile jicho moja lililokuwa likifunguka, akabaki hivyo mpaka shuleni.

Kwa siku tisa hizo nilikwenda jikoni kila baada ya vipindi kumsomea masharti ya mnada, kwa sababu ndiyo kitu pekee tulichopewa. Yalikuwa kumi na manne. Sharti la tisa lilisema mnunuzi ataiondoa mali yake mahali ilipo ndani ya siku kumi na nne, na mwenye mahali hapo anaweza kumtaka afanye hivyo wakati wowote. Mzee Simbeye alisikiliza kama watu wanavyosikiliza matangazo ya vifo redioni. Nikimaliza alikuwa akisema kwa meno yaliyobana, "Rudia, Mwanasheria." Nilidhani yanampa usingizi.

* * *

Mpango wangu wa mnada ulikuwa rahisi: gego nilinunue mimi, nimpe mwenyewe, aling'oe atakavyo. Sikujua desturi za watu wazima.

Katika mkoa ule, kwa miaka kumi na mitano, kila loti ya kila mnada wa serikali hununuliwa na Mheshimiwa Magwaza. Mheshimiwa haji. Humtuma mpwa wake, ambaye huketi mstari wa mbele na gazeti lililokunjwa. Dalali akitaja namba, mpwa huinua gazeti, na nyundo hugongwa kabla gazeti halijafika usawa wa sikio. Hakuna anayekagua bidhaa. Kukagua ni utovu wa adabu, ni kama kumwambia dalali kwamba humwamini.

Mzee Simbeye aliketishwa kwenye benchi, kati ya taipureta zenye kutu na pikipiki isiyo na magurudumu, kipande cha boksi chenye namba saba kikining'inia kwenye kifungo cha shati lake. Mpwa alimtupia jicho mara moja tu, nadhani alimchukulia kuwa mlinzi. Dalali akasema saba, mimi nikainua mkono, gazeti likainuka. Dalali aliniambia kwa upole kwamba wanafunzi hukaa nyuma, na wakati ananiambia hivyo nyundo ilikuwa imeshashuka.

Bwana Kihoza alikuja kumpa Mzee Simbeye mkono wa pongezi, kwa kuwa sasa hakuwa tena na mali ya umma mdomoni. Nikasema basi tumpigie simu Daktari Mlaponi. Akasikitika sana. Jino lile sasa ni la mtu binafsi, alisema, na koleo la umma haliwezi kugusa mali ya mtu binafsi pasipo mwenyewe kutaka. Mwenyewe alikuwa bungeni, akichangia hoja kuhusu tabasamu.

Nilimwandikia barua. Ninayo nakala yake, na natamani ingetungiwa maswali kwenye mtihani wa taifa:

"Mheshimiwa, hongera kwa kununua Loti Namba Saba. Ipo jikoni kwetu. Ni ya zamani lakini imara, imeshika mno, na tumeshindwa kuitoa kwa nguvu zetu wenyewe. Tunashauri uje na watu wa kazi. Jiko letu limesimama kwa sababu yake."

Kila sentensi ilikuwa ya kweli. Niliikagua mara tatu.

* * *

Alikuja siku ya kumi na mbili. Kufikia hapo Mzee Simbeye alikuwa halali tena kwa mgongo, anakaa kwenye kreti karibu na jiko, na pumzi yake ilipotoka ilipiga mluzi. Nesi aliacha kumpa dawa, akawa anakaa naye tu. Waraka wa Bi. Hortensia ulikuwa umerudi juu ya karatasi nyingine.

Tulisikia honi getini. Liliingia lori la tani kumi lenye wapagazi sita, minyororo na magogo ya kuviringishia mzigo. Nyuma yake gari jeusi, na ndani yake Mheshimiwa, mpwa na gazeti lake, na mwandishi wa habari wa Mheshimiwa, ambaye kazi yake ilikuwa kumrekodi akishuka kwenye gari. Alishuka mara mbili, kwa kuwa ya kwanza jua lilikuwa upande mbaya. Halafu akaingia jikoni akiwa ameinua mikono kidogo, kama mtu anayeogopa kugusa masizi.

Akauliza mtambo wake uko wapi. Nikamwonyesha. Alitazama nyuma ya Mzee Simbeye. Akatazama sufuria kubwa, akatazama bomba la moshi. Mzee Simbeye akafungua mdomo upana wa kidole, nami nikamulika kwa tochi.

Mpwa alilifungua gazeti lake kwa mara ya kwanza na kuanza kulisoma. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka, na Mheshimiwa aliiona. Kusema kwamba hakujua alichonunua kungekuwa kulieleza taifa jinsi anavyonunua. Basi akapanda juu ya gunia la unga, akakohoa, akakuta hotuba.

"Wananchi wenzangu, wapo watakaouliza kwa nini Magwaza amenunua jino bovu. Nami nawauliza wao, kwa nini hawakulinunua? Wenzangu wananunua magari. Mimi nimenunua maumivu ya mnyonge."

Bi. Hortensia akapiga makofi. Wanafunzi mia nne tuliojazana madirishani tukapiga pia, makofi ya watu wa uji. Mheshimiwa akapata moto. Akasema jino hili ni historia na halitang'olewa kiholela. Litabaki mahali pake chini ya uangalizi wake binafsi mpaka Siku ya Meno Kitaifa, miezi minne ijayo, atakapolionyesha kwa Rais uwanjani, likiwa na mdomo wake.

Nilifungua kinywa kutimiza adhabu yangu. Mkono mzito ukanishika bega. Mzee Simbeye alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano alizungumza mwenyewe mbele ya watu. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi, lakini kila neno lilisikika.

"Mheshimiwa, umenunua jino," alisema. "Mdomo haukuwa kwenye loti namba saba. Mdomo ni wangu, sijauuza, na mali yako imekaa humo siku kumi na mbili bila kuniomba nafasi. Sharti la tisa. Iondoe leo."

Mheshimiwa alimtazama mpwa. Mpwa alikuwa amefika ukurasa wa michezo. Mmoja wa wapagazi, mtu mfupi aliyebeba mnyororo begani, akasema taratibu, "Mzee kasema kweli, bosi. Na sisi tumekuja kuondoa."

Mheshimiwa akacheka kile kicheko chao kisichofika machoni, akageukia kamera, akasema hicho ndicho hasa alichokuwa anakielekea. Akatoa simu.

Daktari Mlaponi alifika kwa dakika arobaini. Kadi ya semina ilikuwa bado shingoni na nywele zilikuwa zimelowa maji. Alimdunga Mzee Simbeye sindano ya ganzi palepale juu ya kreti, akangoja kidogo, akavuta. Kazi nzima ilichukua dakika nne. Usaha uliotoka sitausimulia, kwa kuwa wapo wanaosoma wakiwa mezani. Nesi alikuwa amemshika kichwa, na ule mluzi wa pumzi ulipokatika, yeye ndiye aliyelia.

Gego liliwekwa kwenye kikombe cha bati. Lilikuwa limeoza hadi mzizini, jeusi, limetoboka. Namba ilikuwa nzima kabisa.

Getini mlinzi alidai hati ya kutoa mali, na hati ilikuwa imejazwa toka mjini kwamba mzigo utasafirishwa kwa lori. Kwa hiyo gego lilifungwa kwenye karatasi ya majani ya chai, likawekwa katikati ya lori la tani kumi, wapagazi sita wakakaa kulizunguka. Lilipokata kona ya barabara kuu, yule mfupi aliinama akalishika lisiteleze.

* * *

Wizara ilifurahi sana. Kwenye taarifa ya mwaka ilitangazwa kwamba sasa mgonjwa wa meno nchini humfikia daktari kwa wastani wa dakika arobaini, na madaktari watatu kati ya wanne wakapelekwa semina ya kujifunza mafanikio hayo.

Wiki iliyofuata ukaja waraka. Ulisema imebainika kuna upungufu katika orodha ya mali za umma, uliotumiwa na mpishi mmoja kulisumbua taifa. Kuanzia tarehe ya waraka, jino lolote litakalotibiwa kwa fedha za umma litasajiliwa pamoja na mdomo uliolizunguka, na midomo iliyowahi kutibiwa zamani ihakikiwe mara moja.

Aliyeletwa kuhakiki alikuwa Bwana Kihoza. Alisimama mbele ya paredi na kopo la rangi nyeupe na brashi ndogo, akaomba radhi kwanza kwa usumbufu. Kisha akasema yeyote aliyewahi kutibiwa jino na serikali apite mbele. Hakuna aliyepita. Bi. Hortensia, ambaye alikuwa na meno mawili yaliyozibwa, alikuwa anatazama mawingu. Bwana Kihoza aliandika kwamba shule ina wanafunzi mia nne na walimu kumi na wanane ambao serikali haijawahi kuwatibu, akaonekana kufarijika, maana takwimu hiyo ililingana na za mikoa mingine.

Ukabaki mdomo mmoja aliokuwa na hakika nao. Akauendea hadi mlangoni pa jiko, akachovya brashi, akamwomba Mzee Simbeye apanue kidogo tu, haitauma.

Mzee Simbeye aliinua kidole kumwomba asubiri. Alikuwa na hindi la kuchoma mkononi, bado refu, na alikuwa anatafuna, kwa pande zote mbili, akitazama mbali kama mtu asiye na haraka na kitu chochote duniani.

Bwana Kihoza ni mtu wa utaratibu, hawezi kumwandika mtu namba akiwa na chakula kinywani. Alisubiri mpaka rangi ikakauka kwenye brashi.